Mbung'o: Umbile Lake na Ukoo Wake

Mbung'o ni mdudu ambaye wengi wetu tumemsikia kabla hatujamwona. Mzee akitaka kusema kwamba pori fulani halifai kuchungia, hutamka maneno mawili tu, "Kuna mbung'o," na hapo mazungumzo huishia. Hakuna atakayepeleka ng'ombe wake huko. Lakini ukitandaza karatasi nyeupe mezani, ukaweka juu yake inzi kumi waliokufa wa namna mbalimbali, kisha ukamwambia mwanafunzi wa Kidato cha Nne amtoe mbung'o, huenda akasitasita. Ndiyo sababu ya makala haya. Tutamtazama mdudu huyu kiungo kwa kiungo, kisha tutamtafutia mahali pake katika ukoo wa inzi. Wanafunzi wasidhani kwamba kazi hii ni ya kukariri majina ya Kilatini kwa ajili ya mtihani. Mbung'o wako wa namna nyingi, na kila namna ina makao yake, chakula chake na madhara yake. Asiyejua ni namna gani iliyomo porini mwake hawezi kujua aanzie wapi kupambana nayo.

Kwanza jina. Wengine husema mbung'o, na wengi wa Tanzania bara husema ndorobo. Neno tsetse, lililoenea katika vitabu vya Wazungu, limetoka katika lugha ya Kitswana huko kusini mwa Afrika. Wote hao ni mdudu mmoja. Asichanganywe na chafuo, yule inzi mkubwa mwenye macho yang'aayo ambaye huwasumbua punda na ng'ombe. Kwa chafuo ni jike peke yake anyonyaye damu. Wala asichanganywe na yule inzi mdogo wa mazizini aumaye miguu, ambaye kwa sura hufanana sana na inzi wa nyumbani. Kwa mbung'o, dume na jike wote hunyonya damu, wala hawana chakula kingine maisha yao yote.

Jinsi ya kumtambua

Mbung'o ni inzi wa rangi ya kahawia, wengine wenye wekundu kidogo, wengine weusiweusi. Urefu wake, bila kuhesabu mrija, ni tangu milimita 6 mpaka 14 hivi. Kama wadudu wote ana miguu sita, na mwili wake umegawanyika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Mpaka hapo hana ajabu. Alama zake hasa ni nne, nazo zote zaonekana kwa lenzi ya mkono ikuzayo mara kumi.

Ya kwanza ni namna alazavyo mabawa. Inzi wa nyumbani akitua, mabawa yake hukaa wazi kidogo pande mbili, kama mkia wa mbayuwayu. Mbung'o huyalaza moja juu ya jingine, sawasawa kabisa, kama mtu aliyefunga mkasi, hata ukimtazama kwa juu utadhani ana bawa moja tu. Alama hii yafaa sana porini, kwa kuwa huonekana bila lenzi.

Ya pili ni mrija wa kunyonyea. Hutokeza mbele ya kichwa, umenyoka, haukunjwi chini ya kidevu kama wa inzi wengine. Uukuao kama mrija mnene si mrija wenyewe tu: pande zake mbili pana vipapasi vya kinywa, virefu kama mrija wenyewe, na hivyo huufunika kama ala ifunikavyo kisu. Mdudu akitaka kuuma huuinamisha mrija chini na kuviacha vipapasi vikiwa vimenyoka mbele. Chini, mahali mrija ushikanapo na kichwa, umevimba kama kitunguu kidogo. Humo mna misuli. Kwenye ncha yake mna vimeno vidogo sana vya kukereza ngozi. Na ndani ya mrija mna njia mbili, moja ya kupandishia damu na nyingine, nyembamba mno, ya kuteremshia mate. Njia hiyo ya mate ikumbukwe, kwa maana hiyo ndiyo ipitishayo ugonjwa.

Alama ya tatu inataka macho mazuri. Inzi wengi wa jamii hii wana unywele mrefu juu ya kila kipapasio cha kichwani. Kwa mbung'o unywele huo una vinywele vingine upande wa juu tu, na kila kinywele nacho kimetoa matawi mengine madogo, kama unyoya wa ndege. Inzi mwingine mwenye matawi juu ya matawi namna hiyo hakuna.

Ya nne ndiyo niipendayo mimi, maana haina shaka hata mdudu akiwa amevunjika vipande vipande. Litazame bawa mbele ya mwanga. Utaona mishipa iliyoligawanya katika vyumba vyumba. Chumba cha katikati kimepindwa kiasi kwamba sura yake ni ya shoka: upande mmoja mpini, upande mwingine bapa. Ukipata bawa moja tu lililonaswa katika utando wa buibui, nawe ukaliona shoka, umempata mbung'o. Ukikosa shoka, ni inzi mwingine, hata kama amekuuma vikali.

Nyuma ya mabawa, mahali ambapo nyuki ana jozi ya pili ya mabawa, mbung'o ana vijiti viwili vifupi vyenye vifundo nchani. Hivyo ni mabawa ya nyuma yaliyopungua, na kazi yake ni kumsaidia mdudu asiyumbe anaporuka. Inzi wote na mbu wote wanavyo.

Kutofautisha dume na jike ni rahisi. Mgeuze mdudu chali, utazame ncha ya tumbo. Dume ana kifundo cha mviringo, kama kifungo cha shati, kilichokunjwa chini ya tumbo, jike hana.

Yaliyomo ndani

Mbung'o mwenye njaa ana tumbo bapa kama karatasi. Akipata mnyama hunywa damu inayozidi uzito wa mwili wake mwenyewe, na tumbo hutuna likawa jekundu. Akiwa mzito hivyo hawezi kuruka vizuri, basi hutua juu ya mti ulio karibu, na katika muda wa nusu saa hivi huyatoa maji ya damu ile, tone baada ya tone, akabaki na chakula kizito tu.

Damu ni chakula chenye protini tele, lakini ina upungufu wa vitamini za namna ya B. Wadudu wengine huzipata katika vyakula vingine. Mbung'o, asiyeonja kitu ila damu, anazipata wapi? Anazipata kwa wapangaji. Katika ukuta wa utumbo wake mna kiungo maalumu kilichojaa bakteria, nao humtengenezea vitamini hizo. Bakteria hao wameitwa Wigglesworthia, kwa heshima ya Vincent Wigglesworth, mtaalamu wa Kiingereza wa miili ya wadudu, aliyekichunguza kiungo hicho mwaka 1929. Jike akiwaua bakteria wake kwa dawa hupoteza uwezo wa kuzaa.

Jambo jingine la ajabu ni kwamba mbung'o haruki kwa nguvu ya sukari, kama nyuki, bali kwa nguvu itokayo katika kipande kimoja cha protini kiitwacho prolini. Akiba hiyo huisha upesi. Kwa hiyo mbung'o ni hodari wa kuruka kwa kasi lakini kwa dakika chache tu; sehemu kubwa ya siku hukaa kimya juu ya gome la mti, akingoja. Hujua kwamba mnyama anapita kwa kuona kitu kinachotembea na kwa kunusa pumzi na mkojo. Mtu aliyesafiri kwa gari katika mbuga zao amekwisha kuwaona wakilifuata gari kama kwamba ni nyati.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Mwaka 1895 daktari wa jeshi David Bruce, akiwa katika nchi ya Wazulu, alitoa habari ya kijidudu alichokiona katika damu ya ng'ombe waliokondeana kwa ugonjwa uitwao nagana, akaonyesha kwamba mbung'o ndiye achukuaye kijidudu hicho. Kijidudu hicho ni tripanosoma, chembe moja hai yenye mkia, ionekanayo kwa hadubini ikijinyonganyonga kati ya chembe za damu. Mbung'o hazaliwi nacho. Hukipata anapomnyonya mnyama mgonjwa. Kikiwa cha namna ile imwambukizayo binadamu malale, kwanza huishi katika utumbo wa mdudu, kisha husafiri mpaka tezi za mate, na safari hiyo huchukua wiki tatu hivi. Friedrich Kleine, daktari Mjerumani aliyefanya kazi katika Tanganyika ya wakati wa Wajerumani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1909 kwamba mbung'o haambukizi mpaka muda huo upite. Tripanosoma nyingine ziwapatazo ng'ombe hazifiki kwenye tezi za mate: moja huishia mrijani baada ya kupita utumboni, na nyingine hukaa mrijani tangu mwanzo mpaka mwisho. Basi mtaalamu akimpasua mbung'o na kutazama ni kiungo kipi kimejaa vijidudu, huweza kukisia ni ugonjwa gani alioubeba.

Kuzaa kwake

Hapa ndipo mbung'o anapowaacha mbali ndugu zake. Inzi wa nyumbani hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja, akaenda zake. Mbung'o hatagi yai lolote nje ya mwili wake. Jike hukomaza yai moja, likashuka katika mfuko wa uzazi, likaanguliwa humo humo. Buu hukaa ndani ya mama yake akinyonya maziwa. Nasema maziwa kwa makusudi. Jike ana tezi yenye matawi iliyotanda tumboni, nayo hutoa majimaji meupe yenye mafuta na protini, na tundu lake liko mbele ya kinywa cha buu. Buu hujivua ngozi mara mbili humo tumboni, na siku ya kuzaliwa uzito wake hukaribia au huzidi uzito wa mama mwenyewe.

Mama hutafuta kivuli penye udongo laini, chini ya gogo, chini ya kichaka au penye shimo la mnyama, akamtua buu wake. Buu huyo ni mweupe, mnene, na nyuma ana vifundo viwili vyeusi ambavyo hupumua kwavyo. Hali tena kitu. Mara hujichimbia chini, na kabla ya saa nyingi kupita ngozi yake hukauka ikawa ganda gumu, jeusi kama kokwa. Huyo ni pupa. Hukaa udongoni kama mwezi mmoja, pungufu siku za joto na zaidi siku za baridi, kisha inzi kamili hulipasua ganda kwa kifuko kilichomo kichwani mwake, akikijaza na kukitoa mithili ya mtu apulizaye shavu, akasukuma udongo mpaka nje.

Jike huzaa buu wake wa kwanza akiwa na umri wa wiki mbili na nusu hivi, na baada ya hapo huzaa mmoja kila baada ya siku tisa au kumi. Fanyeni hesabu wenyewe: akiishi miezi mitatu, na wengi hawafiki, atapata watoto wanane au tisa tu. Kati ya wadudu wote wasumbufu tunaowajua, huyu ni miongoni mwa wenye uzazi mdogo kabisa. Ameishi kwa sababu mtoto wake hulindwa tumboni mpaka dakika ya mwisho. Na hapo hapo ndipo palipo udhaifu wake, maana ukiongeza vifo vya majike kwa sehemu ndogo tu kila siku, kizazi hakijazwi tena.

Kuna jambo la pili: jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, tangu ujana wake, akaiweka mbegu ya dume katika vifuko maalumu na kuitumia mpaka kufa. Jambo hili tutalirudia tutakapofika Unguja.

Mahali pake katika ukoo wa inzi

Wataalamu humpanga kila kiumbe katika ngazi, tangu kundi kubwa mpaka dogo. Mbung'o yumo katika ngeli ya wadudu, na katika oda ya Diptera, neno la Kigiriki lenye maana ya mabawa mawili. Oda hii ni kubwa ajabu. Mbu wamo, usubi wamo, na hata wale inzi wembamba wachezao hewani makundi makundi, ambao dume humletea jike mdudu aliyemwua kama zawadi ya posa. Ndani ya oda hiyo mbung'o ana familia yake peke yake, Glossinidae, yenye jenasi moja tu, Glossina, kutokana na neno la Kigiriki la ulimi. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Wiedemann mwaka 1830. Vitabu vya zamani vilimweka katika familia ya inzi wa nyumbani. Sasa tunajua kwamba jamaa zake wa karibu ni inzi bapa waishio katika manyoya ya ndege na wanyama, na wale waishio juu ya popo. Hao nao hulea buu tumboni na kumzaa mmoja mmoja.

Mbung'o ni mdudu wa Afrika, kusini mwa Sahara. Mwaka 1990 iliandikwa kwamba wamepatikana pia kusini-magharibi mwa Saudi Arabia. Lakini zamani za kale walikuwa na nchi kubwa zaidi: katika mawe ya Florissant, jimbo la Colorado huko Marekani, zimeonekana alama za mbung'o waliokufa miaka milioni 34 hivi iliyopita.

Spishi zilizo hai ni zaidi ya ishirini, nazo zimegawanywa katika makundi matatu. Msingi wa mgawanyo huo ni kile kifundo cha dume tulichokitaja. Kikikunjuliwa huonekana vikamatio viwili ambavyo dume humshikia jike. Katika kundi la fusca vikamatio hivyo viko huru, kila kimoja mbali na mwenzake. Katika kundi la palpalis vimeungwa kwa utando mwembamba uliochanika katikati. Katika kundi la morsitans utando umeviunganisha kabisa. Msomaji atauliza, yanini kuhangaika na viungo vidogo hivyo? Ni kwa sababu rangi hudanganya: mdudu mzee huchakaa, mdudu aliyekauka hufifia, lakini umbo la vikamatio halibadiliki. Na tena makundi hayo matatu yaliyogawanywa kwa umbo yameonekana kuwa yamegawanyika pia kwa makao.

Kundi la fusca ni la mbung'o wakubwa, wengi wao wa msituni. Kwetu Afrika Mashariki wako Glossina brevipalpis, mwenye madoa meusi mabawani, na Glossina longipennis, mwenye madoa manne meusi juu ya kifua. Huyu wa pili ameikana desturi ya kundi lake, akahamia nchi kavu ya vichaka, kama ile ya kaskazini mwa Kenya na Somalia. Wote wawili hupenda kutoka magharibi jua likizama na alfajiri.

Kundi la palpalis ni la kando ya maji. Vifundo vyote vya wayo wa mguu wa nyuma ni vyeusi. Huwauma hata kenge na mamba, na kwa kuwa hukaa penye vivuko na visima, huwapata sana wanadamu. Glossina fuscipes, akaaye ukingoni mwa Ziwa Victoria, ndiye aliyeeneza malale huko Busoga na Buganda kuanzia miaka ya 1900, msiba uliowaua watu zaidi ya laki mbili na kuwafanya watawala kuwahamisha wenyeji kutoka mwambao na visiwa. Bruce na wenzake walipotoa habari zake mwaka 1903 walimwita palpalis, na msomaji wa vitabu vya siku hizo atalikuta jina hilo. Baadaye ndipo ilipoonekana kwamba palpalis halisi ni wa Afrika Magharibi.

Kundi la morsitans ni la mbuga na miombo, na ndilo liwatesalo zaidi wafugaji. Kwa wengi wa kundi hili ni vifundo viwili vya mwisho tu vya wayo wa nyuma vilivyo vyeusi. Glossina morsitans hupenda damu ya ngiri, na Glossina pallidipes hupenda ya pongo na nyati. Glossina swynnertoni hupatikana kaskazini mwa Tanzania na kusini-magharibi mwa Kenya tu, wala hapatikani penginepo duniani. Aliitwa hivyo mwaka 1923 kwa heshima ya Charles Swynnerton, ambaye baadaye aliongoza uchunguzi wa mbung'o kutoka Shinyanga, ambako watu walifyeka vichaka maeneo kwa maeneo ili kumnyima mdudu kivuli. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na mtaalamu wa mimea Burtt.

Yafaa hapa kutaja kwamba mbung'o wa mbuga hufuata wanyama wao. Ugonjwa wa sotoka ulipofyeka ng'ombe na nyati katika miaka ya 1890, mbung'o walipungua sana sehemu nyingi, kisha wakarudi wanyama walipoongezeka. Kwa muda mrefu baadaye baadhi ya serikali za kikoloni ziliwapiga risasi maelfu ya wanyama pori kwa hoja hiyo. Mimi naona ni njia ya kikatili na ya hasara, na kwa bahati njema imekwisha kuachwa; leo hutumika mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, rangi zimvutazo mbung'o, na ng'ombe hupakwa dawa ya kuua wadudu.

Mbung'o wa Unguja

Nimemwacha mmoja makusudi. Glossina austeni ni mdogo, mwekundu-kahawia, mwenyeji wa vichaka vizito vya pwani tangu Somalia mpaka Afrika Kusini, apendaye damu ya nguruwe mwitu. Newstead alimtolea habari mwaka 1912 na kumpa jina la Austen, mtaalamu wa inzi wa makumbusho ya Uingereza. Kumpanga kumeleta ubishi. Dume wake ana vikamatio vya kundi la morsitans, lakini viungo vya uzazi vya jike hufanana na vya fusca, na makao yake ni ya kichakani. Mwaka 1987 mtaalamu mmoja alipendekeza apewe kundi lake peke yake. Uchunguzi wa chembe za urithi umemrudisha karibu na morsitans, na wengi humhesabu huko.

Unguja hapakuwa na mbung'o mwingine ila huyu, na Pemba hapakuwa na yeyote. Nagana iliwasumbua wafugaji wa kisiwa miaka mingi. Ile mitego ya kawaida haikumnasa vizuri, basi wataalamu walitumia mbao za buluu na nyeupe zilizopakwa gundi. Kwanza walimpunguza kwa kuwapaka ng'ombe dawa na kutundika vitambaa vyenye sumu. Kisha, tangu mwaka 1994, ikaja kazi iliyotegemea lile jambo nililosema, kwamba jike hupandwa mara moja. Huko Tanga walifugwa mbung'o wengi, madume wakapigwa mionzi ili mbegu yao isiweze kutoa mtoto, kisha wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kila wiki. Jumla yao ilikuwa zaidi ya milioni nane. Jike wa porini akikutana na dume wa namna hiyo, maisha yake ya uzazi yamekwisha, na yeye hajui. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa, chenye eneo la kilometa za mraba 1,600 hivi, kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Wengine wameuliza kwa nini isifanywe vivyo hivyo bara. Unguja ni kisiwa, na palikuwa na spishi moja. Bara pori moja laweza kuwa na spishi mbili au tatu pamoja, na dume wa swynnertoni hamfai jike wa pallidipes. Tena mahali palipofagiliwa huingiliwa upya kutoka pori la jirani. Hata hivyo habari si mbaya. Tangu mwaka 2018 watu waliothibitishwa kuugua malale katika Afrika nzima wamekuwa chini ya elfu moja kwa mwaka, na Uganda mwaka 2022 ilithibitishwa kwamba malale ya namna ya Afrika Magharibi si tishio tena kwa afya ya umma huko. Ng'ombe ndio bado wanaoumia.

Kwa wale watakaotaka kujifunza kwa macho: msiende kuwatafuta porini peke yenu. Ombeni wazazi wanaochunga mipakani mwa hifadhi, au mabwana mifugo, wawahifadhie inzi waliokufa katika kisanduku kikavu cha kiberiti chenye pamba. Mtu aliyeumwa na mbung'o, kisha akapata uvimbe mwekundu mahali alipoumwa, au homa inayokwenda na kurudi pamoja na maumivu ya kichwa, aende hospitali upesi na aseme wazi alikuwa pori gani. Mdudu mkaushe kivulini, mchome pini katikati ya kifua upande wa kulia kidogo, na chini yake tia kikaratasi chenye mambo matatu yaliyoandikwa kwa wino usiofutika: mahali alipokamatwa, tarehe, na jina la aliyemkamata. Jina la Kilatini liongezwe baadaye, juu ya kikaratasi cha pili, likisha kuhakikishwa.